Miguu ya mama inawaka moto usiku, mchana haina hisia: tuanzie wapi?

MwanaMakete

Shikamooni wakubwa, wengine habari za saa hizi.

Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya mishipa ya fahamu. Mgonjwa ni mama mkwe, miaka 61, anaishi Makete. Kisukari kiligundulika miaka tisa iliyopita. Anameza metformini gramu moja asubuhi na gramu moja jioni. Sukari ya asubuhi kabla ya kula inacheza kati ya 10 na 13. Presha anayo, anatumia amlodipini 5.

Nyayo zinaanza kuwaka kuanzia saa tatu usiku, blanketi likigusa vidole anashtuka. Mchana anasema anatembea kama amevaa soksi nene, na hajavaa. Kandambili inamtoka njiani, hajui mpaka aambiwe. Vidonge vya neva vya vitamini B anameza 1x3, mwezi wa nane sasa, na akizidiwa anachomwa diklofenaki. Ganzi iko palepale.

Ni kisukari tu au kuna jingine? Tuombe vipimo gani? Na hizo dawa zinamsaidia kweli au tunapoteza hela?

---

Tabibu wa Kilolo

Marahaba. Anza na namna dalili zilivyojipanga, hapo utajua mengi kabla ya kulipia kipimo chochote.

Neva ndefu kuliko zote mwilini ni zile zinazotoka kiunoni hadi ncha za vidole vya miguu. Sukari ikikaa juu kwa miaka, vimishipa vidogo vya damu vinavyolisha neva vinaharibika, na neva yenyewe inashindwa kujitunza. Iliyo ndefu zaidi ndiyo inayoanza kufa, tena kwa kuanzia nchani. Kwa hiyo ganzi ya kisukari huanza vidoleni, miguu yote miwili kwa usawa, inapanda polepole sana. Ikikaribia magoti ndipo na vidole vya mikono huanza. Maelezo yako yanafuata mkondo huo, kwa hiyo kisukari ni mshukiwa namba moja.

Yafuatayo yangenifanya nitafute sababu nyingine haraka: mguu mmoja tu kuathirika, mikono kutangulia miguu, udhaifu kuwa mkubwa kuliko ganzi, au ugonjwa kwenda kwa kasi ya wiki badala ya miaka. Udhaifu unaopanda kutoka miguuni ndani ya siku chache, hasa baada ya kuharisha au mafua, ni dharura ya siku hiyohiyo kwa sababu unaweza kufika kwenye misuli ya kupumua. Ganzi ya sehemu za siri ikiambatana na mkojo kuziba au haja kutoka bila kujijua ni shida ya mgongoni, nayo haisubiri Jumatatu.

Mtu kuwa na kisukari hakumzuii kuwa na sababu ya pili, na kwetu Nyanda za Juu Kusini sababu za pili ni nyingi. VVU vyenyewe vinaharibu neva, na Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa inayoongoza nchini kwa maambukizi. Kama amewahi kupewa isoniazidi ya kutibu au kuzuia TB, aliipata pamoja na vitamini B6 ya miligramu 25 kwa siku? Isoniazidi bila B6 inachoma miguu. Pombe: usiulize "unakunywa?", uliza lita ngapi kwa siku msimu wa ulanzi (pombe ya mianzi), na anakula nini siku hizo. Tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango. Baka la ngozi lililopauka au lenye wekundu ambalo halihisi mguso, hapo fikiria ukoma. Dawa zake ni bure, ila neva iliyokwisha kufa hairudi, kwa hiyo muda ni mali.

Kwa mama huyu, sababu ya pili ninayoiweka juu kabisa ni upungufu wa B12. Gramu mbili za metformini kila siku kwa miaka tisa zinapunguza ufyonzwaji wa B12 tumboni, na upungufu wake unaleta ganzi ileile. Msiache metformini kwa sababu hiyo. Inaongezwa B12 tu.

Vipimo vya kuomba: HbA1c (wastani wa sukari wa miezi mitatu), kreatinini (ya figo), picha kamili ya damu, VVU, kaswende, TSH (ya tezi ya shingo), na B12 ikipatikana. Isipopatikana wengi wetu tunatibu bila kusubiri, maana sindano yake ni salama na gharama ya kuchelewa ni kubwa.

Leo nyumbani mnaweza kufanya kipimo cha kugusa kilichobuniwa hospitali ya Ipswich, Uingereza. Mama alale, afumbe macho. Mwambie aseme "kulia" au "kushoto" kila akihisi kuguswa. Gusa ncha ya kidole kwa ncha ya kidole chako cha shahada, kwa wepesi kabisa, sekunde moja hadi mbili. Usibonyeze, usisugue, usikunekune. Fuata mpangilio huu: kidole gumba cha mguu wa kulia, kidole cha mwisho cha kulia, gumba la kushoto, kidole cha mwisho cha kushoto, kisha cha katikati cha kulia na cha katikati cha kushoto. Kila kidole mara moja, hata kama hakujibu usirudie. Akikosa viwili au zaidi kati ya sita, hisia za kinga zimepungua na mguu huo uhesabiwe kuwa hatarini. Watu wanakosea kwa kubonyeza: hisia ya mgandamizo wa ndani huchelewa kupotea, basi mguu uliokufa ganzi unaonekana mzima.

Jambo la mwisho. Sukari ishuke, ila ishuke kwa hatua. HbA1c ikiporomoka kwa zaidi ya alama mbili ndani ya miezi mitatu, mfano kutoka 12 hadi 8, maumivu ya neva yanaweza kulipuka upya. Wagonjwa wengi hudhani insulini ndiyo inayowachoma na wanaiacha.

---

Mfamasia Uyole

Nakamilisha upande wa dawa, nikianza na hivyo vidonge vya 1x3.

Geuza boksi usome sehemu ya *pyridoxine*, yaani B6. Aina nyingi za vidonge hivi zina miligramu 100 au 200 kwa kidonge. Mara tatu kwa siku ni 300 hadi 600. Kikomo cha juu kilichowekwa na wataalamu wa Marekani kwa mtu mzima ni miligramu 100 kwa siku. B6 ikizidi kwa miezi mingi inaua neva za hisia yenyewe: ganzi, kuwaka, na kuyumba gizani. Yaani dawa mnayompa kwa ajili ya ganzi inaweza kuwa inaongeza ganzi. Kama ya kwenu ni ya kiwango hicho, asimamishe na amweleze daktari. Msishangae dalili zikiongezeka kidogo wiki za mwanzo baada ya kuacha. Nafuu huja kwa miezi.

B12 iliyomo kwenye vidonge hivyo mara nyingi ni mikrogramu 200, kidogo mno kwa mtu ambaye utumbo wake haufyonzi vizuri. Palipo na dalili za neva, kinachotumika ni sindano ya mikrogramu 1000 ya msulini, siku moja ndiyo moja siyo kwa wiki mbili au zaidi, halafu ya kushikilia kila mwezi au kila miezi miwili mitatu kutegemea aina ya B12 aliyopewa. Asianzishiwe foliki asidi peke yake kabla ya B12: damu itapendeza kwenye kipimo huku neva zikiendelea kufa.

Diklofenaki: maumivu haya hayatokani na uvimbe wala jeraha. Neva iliyoharibika inajirushia ishara yenyewe bila kuguswa, na diklofenaki haifiki hapo. Anachopata ni usingizi wa saa chache, pengine kwa sababu ya kilichochanganywa kwenye bomba la sindano. Anachopoteza ni figo, na presha inapanda. Mwenye kisukari na presha akae mbali nayo.

Dawa zinazofanya kazi kwenye maumivu ya neva ni nyingine kabisa, na zote ni za cheti:

Amitriptilini ndiyo nafuu na inapatikana hadi vituo vya afya. Kidonge kiko miligramu 25. Kwa umri wake anaanza na nusu. Ameze saa mbili usiku, siyo saa tano, la sivyo ataamka na uzito kichwani mpaka saa nne asubuhi. Baada ya wiki moja kidonge kizima, kisha inapanda kwa 25 kila wiki moja au mbili kama bado anaungua na anaivumilia. Mara chache tunavuka 75. Mdomo utakauka, choo kitakuwa kigumu, na akisimama ghafla atapepesuka, kwa hiyo usiku akitaka kwenda chooni akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja, na taa iwe karibu. Mwenye tatizo la mapigo ya moyo, presha ya macho au mkojo kusumbua kutoka (wazee wa tezi dume!) aseme kabla. Haichanganywi na pombe wala na tramadoli ya kununua kiholela.

Gabapentini ni chaguo la pili: miligramu 300 usiku, baada ya siku chache mara mbili, kisha mara tatu, na inaweza kwenda juu zaidi. Inatolewa na figo, kwa hiyo kreatinini ijulikane kwanza. Ikiachwa iachwe kwa kupunguza.

Makosa mawili nayaona dirishani kila mara. La kwanza, mtu anameza amitriptilini siku nne, anasema "haijanisaidia". Mpe wiki nne kwenye kiwango kinachomfaa ndipo uhukumu, na ushindi ni maumivu kupungua kwa nusu, siyo kuisha. La pili ni kutegemea dawa hizi zirudishe hisia. Hazirudishi. Zinatuliza moto tu, ganzi inabaki palepale, na mgonjwa aliyetulia ndiye anayesahau kuangalia miguu.

Kwa wanaotumia dawa za VVU zenye dolutegraviri: karbamazepini, dawa ya kifafa ambayo nayo hupewa wenye maumivu ya neva, inaishusha nguvu, msipewe bila CTC (kliniki ya VVU) kujua. Na dolutegraviri inapandisha metformini mwilini. Kikomo kwa kawaida ni gramu moja kwa siku. Mama mkwe akikutwa na VVU, hizo gramu mbili zitapunguzwa.

---

Mzee wa Kitulo

Mbona mnazunguka. Beseni la maji ya moto, chumvi ya mawe viganja viwili, aloweke nusu saa kila jioni. Akitoka apake pilipili kichaa iliyotwangwa na mafuta. Baridi ya huku ndiyo inayobana mishipa.

---

Nesi wa Kliniki ya Sukari

Shikamoo mzee. Baridi inazidisha maumivu, hapo nakubaliana na wewe. Tiba yenyewe hapana, na nitasema kwa nini, maana ndiyo inayotuletea vidonda vingi kati ya Juni na Agosti.

Mguu uliokufa ganzi hauwezi kupima joto. Maji ambayo wewe ungetoa mguu kwa kelele, yeye anakaa nayo nusu saa kwa raha. Asubuhi kuna malengelenge. Jiko la mkaa ni hivyohivyo: anasogeza miguu ipate vuguvugu, ngozi ya gumba inaiva, na harufu ndiyo inayomshtua, siyo maumivu. Chupa ya maji ya moto kitandani, vilevile. Pilipili ya kutwanga haina kipimo, inachoma ngozi. Ipo krimu ya dawa iliyotengenezwa kutokana na kiini cha pilipili, yenye kiwango maalumu cha asilimia 0.075, na hata hiyo haipakwi penye mpasuko. Kupasha joto: soksi za sufu au pamba zisizobana, mbili zikibidi, na blanketi liinuliwe miguuni kwa boksi la katoni lililokatwa upande mmoja ili lisiguse vidole. Hilo boksi linasaidia usingizi kuliko watu wanavyodhani.

Kila jioni, kwa mwanga mzuri:

Osha kwa maji ya uvuguvugu, mwingine apime kwa kiwiko. Dakika mbili tatu, usiloweke. Kausha, hasa katikati ya vidole, kwa kitambaa chepesi. Paka mafuta juu na chini ya mguu, siyo katikati ya vidole maana unyevunyevu pale unaleta fangasi na mpasuko. Kisha angalia: chini ya unyayo, kisigino, katikati ya kila vidole viwili. Mama wa miaka 61 pengine hafiki, basi kioo kiwekwe sakafuni au mjukuu aangalie. Unatafuta wekundu, lengelenge, mpasuko, sugu yenye doa jeusi ndani (hiyo ni damu, chini yake kuna kidonda), na sehemu yenye joto kuliko nyingine. Kucha zikatwe moja kwa moja, pembe zisichimbwe. Sugu haikatwi kwa wembe nyumbani.

Kandambili ziachwe. Kamba inakata kati ya vidole, na kinachovuka mguuni bila mtu kujua kinamwacha pekupeku kwenye kokoto. Viatu vya kufunika, vyenye nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu, vyenye kamba au mkanda. Vinunuliwe jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo. Na kabla ya kuvaa, kila siku bila kuacha, kiganja kiingie ndani ya kiatu kupapasa. Gambuti la shambani ndilo linaloficha kokoto, msumari na bua la mahindi. Akitoka shambani gambuti livuliwe mlangoni na soksi zibadilishwe. Soksi nyeupe ni bora kwa sababu moja tu: damu au usaha utaonekana.

Kidonda chochote, hata kidogo kama punje ya maharage na hakiumi, ni cha kituo cha afya ndani ya siku moja. Kutouma ndiko kunakokifanya kiwe cha hatari.

---

Kijana wa Mafinga

Naomba nichomekee. Dogo kavunjika mkono kwa bodaboda, mfupa wa juu ya kiwiko, ngozi haikupasuka. Wiki ya sita sasa na kiganja kinaning'inia, hawezi kukiinua. Hiyo nayo ni neva? Itarudi?

---

Fizio wa Soweto Mbeya

Ni neva, ila ni habari tofauti na ya mama. Hii ni neva moja iliyobanwa au kuvutwa na mfupa. Neva ya radiali inajizungusha kwenye mfupa huo katikati, ndiyo maana kiganja kinaanguka. Kwa mvunjiko usiopasua ngozi wengi hurudi wenyewe, mara nyingi ndani ya miezi mitatu minne.

Neva inaota takriban milimita moja kwa siku. Pima kwa rula kutoka pale palipovunjika hadi kwenye misuli ya kwanza chini kidogo ya kiwiko. Sentimita 10 ni siku 100 hivi, ukiongeza wiki chache za kujikusanya mwanzoni. Misuli iliyo karibu na kiwiko itaanza, kuinua kiganja kutafuata, kunyoosha vidole na gumba mwisho. Wakati wa kusubiri, kiganja kishikiliwe na kifaa kikiwa kimeinuliwa nyuzi 20 hadi 30, na kila kiungo kikunjwe na kunyooshwa kwa mkono mwingine mara 10, vipindi vitatu au vinne kwa siku. Ukiacha hilo, neva itarudi ikute vidole vimekakamaa.

Msisubiri kama kulegea kulianza baada ya mfupa kuvutwa na kunyooshwa, au kama kuna kidonda kilichofika mfupani. Na ikifika miezi mitatu bila dalili hata ndogo ya kurudi, aende rufaa kwa daktari wa upasuaji wa mifupa na apimwe mwendo wa umeme kwenye neva. Misuli isiyopata neva kwa mwaka hadi mwaka na nusu haifai tena hata neva ikiunganishwa.

Panga ni jingine kabisa. Neva iliyokatwa kwa panga haijiungi, inashonwa, na vizuri ni ndani ya siku chache. Kila jeraha la mkono lipimwe hisia kabla ya ganzi na uzi: ncha ya kidole cha shahada, ncha ya kidole cha mwisho, na ngozi ya nyuma kati ya gumba na shahada. Kimojawapo kikiwa kimekufa, kushona ngozi peke yake ni kufukia tatizo.

---

MwanaMakete

Asanteni sana. Boksi la vidonge limesoma B6 miligramu 200, tumesimamisha. Kipimo cha kugusa amekosa vidole vinne kati ya sita.

Ila kuna jambo nimeliona wakati nagusa. Mguu wa kushoto, katikati kwa juu, umevimba kidogo na una wekundu. Ni wa moto ukilinganisha na wa kulia. Hakuna kidonda, haumuumi, na jana kaenda shambani kama kawaida. Ni maambukizi?

---

Nesi wa Kliniki ya Sukari

Asitembee tena juu ya mguu huo kuanzia sasa hivi. Kweli, hata jikoni.

Mguu wenye ganzi uliovimba, wenye joto, mwekundu, usio na kidonda wala maumivu makubwa, mpaka ithibitike vinginevyo tunauita mguu wa Charcot. Mifupa ya katikati ya mguu inavunjika na kusagika kidogokidogo, na kwa kuwa haiumi mtu anaendelea kuikanyaga. Ndani ya wiki chache unyayo unakuwa bapa, mfupa unachomoza chini, na kidonda kinafuata palepale.

Unakosewa mara nyingi. Wanaupa antibayotiki wakidhani ni maambukizi, au wanasema gauti, au wanapima damu iliyoganda. Na eksirei ya wiki za kwanza inaweza kutoka safi, msikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu hiyo. Njia moja ya kutofautisha: alale, mguu uinuliwe juu ya mito dakika 10. Wekundu wa Charcot mara nyingi hupungua, wa maambukizi hubaki. Siyo kipimo cha mwisho, kinasaidia tu. Homa, ubaridi wa kutetemeka au sukari iliyopaa ghafla vinaelekeza kwenye maambukizi, na hapo ni leo hiihii.

Mkipata kipimajoto cha kuelekeza kwenye ngozi, pimeni sehemu ileile miguu yote miwili. Tofauti ya nyuzi 2 au zaidi inahesabika, iandikeni na tarehe.

Tiba ni kuondoa uzito: hogo maalumu linalokumbatia mguu mzima au buti la kuzuia kifundo, kwa miezi mitatu, wakati mwingine sita au zaidi, mpaka joto la miguu yote lilingane. Hogo la kwanza hulegea haraka uvimbe ukishuka, kwa hiyo libadilishwe ndani ya wiki moja, la sivyo litamchubua bila yeye kuhisi. Mguu wa kulia nao uangaliwe kila siku, sasa unabeba mzigo wote.

Kwa Makete mlipo, hospitali ya Ikonda ni karibu kuliko kushuka Mbeya. Mwende kwa gari, siyo kwa miguu hadi stendi. Mkifika msiseme "ana ganzi", mtawekwa kwenye foleni ndefu. Semeni: kisukari miaka tisa, amekosa vidole vinne kati ya sita, mguu wa kushoto una joto na uvimbe bila kidonda, tunahofia Charcot, tunaomba eksirei ya miguu yote miwili. Na lile boksi la vidonge mliweke mfukoni mwende nalo.